Namna ya Kupima Shaka Kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi: Mwongozo kwa Waongoza Mazungumzo Nchini Uganda

Mwongozo huu ni wa watu ambao, kwa kazi zao au kwa nafasi zao, hujikuta wakiulizwa hadharani kama kweli binadamu ndiye anayebadilisha tabianchi: mwalimu wa jiografia, afisa ugani, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), katibu wa Sacco ya wakulima wa kahawa, imamu au katekista anayeombwa aseme neno baada ya mafuriko. Wengi wao hukosea kwa namna moja. Husikia shaka, huichukulia kuwa ujinga, kisha humwaga takwimu mpaka aliyeuliza anyamaze. Naye hunyamaza kweli, lakini akitoka nje anaendelea kuamini alichokuwa akiamini, safari hii akiwa na kinyongo.

Shaka yenyewe haina ubaya, kwa kuwa sayansi yote imejengwa na watu waliokataa kusadiki kabla ya kupima. Ninachodai hapa ni kwamba sehemu kubwa ya shaka inayosemwa nchini kwetu kama shaka ya kisayansi kwa kweli ni shaka juu ya haki: nani ameharibu, nani anafaidika, na nani anatakiwa kujinyima. Ukimjibu mtu wa namna hiyo kwa vipimo vya hewa hujamjibu kitu. Vilevile, ukimjibu mwenye swali halisi la kisayansi kwa kumwambia habari za ukoloni, umemdharau.

Ujue kwanza umeulizwa swali gani

Ndani ya maneno "mimi siamini mambo ya tabianchi" huweza kujificha maswali manne yasiyofanana. La kwanza ni kama dunia inapata joto. La pili ni kama chanzo cha joto hilo ni binadamu. La tatu ni kama joto hilo ndilo lililoleta tukio fulani, mahali fulani, mwaka fulani. La nne ni nani awajibike. Maswali haya hayana uhakika wa kiwango kimoja, na ukiyachanganya utajikuta unatetea jambo dhaifu kwa nguvu ileile unayotetea jambo imara, mpaka watu wakuone mwongo katika yote mawili.

Kwa swali la kwanza na la pili, jibu la Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, katika ripoti yake ya 2021 ni wazi: hakuna shaka kwamba shughuli za binadamu zimeongeza joto la angahewa, bahari na nchi kavu, na muongo wa 2011 hadi 2020 ulikuwa na joto lililozidi lile la 1850 hadi 1900 kwa takriban nyuzi 1.1 za selsiasi. Kwa swali la tatu jibu hubadilika kutoka tukio hadi tukio. Kwa swali la nne sayansi inaweza kuleta hesabu mezani, lakini haiwezi kutoa hukumu.

Njia ya kutambua swali ni kumrudishia msemaji maneno yake kwa heshima kabla ya kujibu. Tuseme mkutanoni Kasese mzee anasimama na kusema, "Mwalimu, hayo ni maneno ya wazungu. Mto Nyamwamba ulikuwa ukifurika tangu enzi za babu yangu." Sikiliza vizuri: katika sentensi hizo mbili mzee amegusa swali la tatu na la nne, na la pili hajaligusa kabisa. Jibu linalofaa ni kumuuliza, "Mzee wangu, mto ulikuwa ukifurika tangu zamani, hilo halina ubishi. Sasa unalolikataa ni kwamba joto limeongezeka, au ni kule kuambiwa kwamba kosa ni letu?" Mara nyingi utasikia kwamba ni kule kuambiwa kosa ni letu, na mazungumzo yatachukua njia nyingine kabisa.

Mkubalie pale alipo na haki

Waongoza mazungumzo wengi huogopa kukubali hoja yoyote ya mwenye shaka, wakidhani wakitoa inchi moja watapoteza uwanja mzima. Kwa maoni yangu hapa ndipo wanapopotezea imani ya watu, kwa sababu wazee wa Uganda wana kumbukumbu, na baadhi ya wanayoyakumbuka ni ya kweli.

Chukua Ziwa Victoria. Mei 2020 ziwa lilijaa mpaka likafikia na kupita kidogo rekodi yake ya 1964. Nyumba za ufukweni, hoteli na gati zikaingiwa na maji, na mwezi mmoja kabla yake kisiwa cha nyasi kinachoelea kilikuwa kimeziba mitambo ya kufua umeme ya Jinja na kuiingiza nchi gizani. Vyombo vya habari vikasema ni mabadiliko ya tabianchi. Mzee anayekumbuka uhuru wa 1962 anauliza swali la haki kabisa: na lile la 1964, wakati magari ya Kampala yalikuwa machache, lilisababishwa na nini? Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Mvua iliyoanzisha kupanda huko ilitokana kwa kiasi kikubwa na hali ya Bahari ya Hindi, pale maji ya upande wetu wa magharibi yanapopata joto kuliko maji ya upande wa Indonesia na kusukuma unyevu mwingi kuja Afrika Mashariki. Hali hiyohiyo ilijitokeza kwa nguvu mwishoni mwa 2019. Ni jambo la asili, na lilikuwapo kabla ya viwanda.

Basi mkubalie. Kisha mwonyeshe kwamba swali sahihi si "je, iliwahi kutokea?" bali "je, sasa linatokea kwa urahisi zaidi?" Wanasayansi waliochunguza mafuriko ya 2020, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2024, walikadiria kwamba ongezeko la joto duniani lilifanya ujaaji wa namna ile uwe na uwezekano wa takriban mara 1.8 ya ule ambao ungekuwapo bila joto hilo, na kwamba mchango wake katika kimo cha maji ulikuwa karibu sentimita 7. Wenyewe wakaeleza kuwa makadirio hayo yana nafasi kubwa ya kupanda au kushuka. Sentimita 7 si bahari. Msikilizaji akiambiwa ukweli huo, kwamba sehemu kubwa ilikuwa ya asili na sehemu fulani imeongezwa, huona kwamba anaongea na mtu anayepima.

Ziwa hilohilo lina funzo la upande wa pili. Mwaka 2005 na 2006 lilishuka vibaya, wavuvi wakatembea kwenye matope kufikia mitumbwi yao, na hapo pia wapo waliotaja tabianchi. Uchambuzi wa wakati ule ulionyesha kwamba takriban nusu ya kushuka huko ilitokana na ukame, na karibu nusu nyingine ilitokana na maji kufunguliwa kupita kiasi katika mabwawa ya Nalubaale na Kiira ili kupata umeme. Kosa la usimamizi likivikwa jina la tabianchi, mwenye kosa anapona. Mwenye shaka anayesema "msitupie kila kitu kwenye hali ya hewa" hapa ameshinda, na ni vizuri umwambie hivyo mbele ya watu.

Bududa inahitaji uangalifu huohuo. Tarehe 1 Machi 2010 ardhi iliporomoka Nametsi na kuzika mamia ya watu, na maporomoko yamerudi mara kadhaa katika miteremko ya Mlima Elgon, pamoja na Bukalasi mwaka 2018 na Bulambuli mwaka 2024. Mvua kubwa ndiyo inayofyatua maporomoko, na hewa yenye joto hubeba unyevu zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo hoja ya tabianchi ina msingi. Lakini mteremko wenyewe ni mkali, udongo wake ni mzito na wa kina, msitu umefyekwa, watu ni wengi, na miguu ya kilima imechimbwa kujengea nyumba. Kwa nchi nzima, makadirio ya serikali yanaonyesha kwamba misitu ilifunika karibu robo ya ardhi mwaka 1990 na kufikia kama sehemu moja ya kumi robo karne baadaye. Ufyekaji huo tumeufanya wenyewe, kwa mashamba, mbao na mkaa. Usimwambie mtu wa Bududa kwamba moshi wa Ulaya peke yake ndio uliomzikia ndugu zake, wala usimwambie kwamba ni shoka lake tu.

Na Rwenzori? Picha za barafu inayotoweka hupendwa sana kwenye semina. Ni kweli kwamba msafara wa mwana wa kifalme wa Italia, Mtemi wa Abruzzi, ulipopanda mwaka 1906 ulikuta barafu iliyoenea zaidi ya kilomita za mraba 6, na kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Hata hivyo barafu ilianza kurudi nyuma tangu miaka ya 1880 hivi, wakati hewa ukaa (kaboni dioksidi) iliyoongezwa na viwanda ilikuwa bado kidogo, na wanasayansi wameshindana kwa hoja kuhusu kiasi gani kimetokana na joto na kiasi gani kimetokana na hewa kuwa kavu na mawingu kupungua. Ubishi huo ni wa wataalamu wanaokubaliana kabisa kuhusu swali la pili na wanaotofautiana kuhusu la tatu. Mimi nashauri usiifanye Rwenzori kuwa nguzo ya hoja yako. Itumie kama mfano wa namna ubishi wa kweli wa kisayansi unavyoonekana, kwa vipimo na majibizano ya wazi.

Swali la pili lijibiwe kwa alama, si kwa idadi ya maprofesa

Ukiisha kutenganisha yote hayo, wapo watakaobaki na swali halisi: mnajuaje kwamba ni binadamu? Kosa la kawaida hapa ni kujibu kwamba karibu wanasayansi wote wamekubaliana. Ni kweli, lakini kwa mtu anayewashuku wanasayansi, jibu hilo ni sawa na kumwambia kwamba wanaoshukiwa wote wametoa ushahidi mmoja. Mpe kitu anachoweza kukifuata mwenyewe.

Anza na hesabu. Tangu Machi 1958, kwa kazi iliyoanzishwa na Charles David Keeling, hewa ukaa imekuwa ikipimwa kwenye mteremko wa mlima Mauna Loa huko Hawaii. Wakati ule ilikuwa sehemu zipatazo 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Mwaka 2024 ilikuwa imepita 420. Vipovu vya hewa ya kale vilivyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika vinaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 kabla ya viwanda kiasi hicho kilipanda na kushuka kati ya 180 na 300 hivi, bila kuvuka.

Hapo mwenye akili atauliza: imetoka wapi? Kisoro, ambako usiku mtu huweza kuona wekundu wa Nyiragongo angani, swali hili huja lenyewe, na ni swali zuri. Volkano hutoa hewa ukaa kweli. Lakini volkano zote za dunia kwa pamoja hutoa chini ya asilimia moja ya ile itokayo kwenye makaa ya mawe, mafuta, gesi na saruji, ambayo ni zaidi ya tani bilioni 35 kwa mwaka. Isitoshe, mlipuko mkubwa huipoza dunia badala ya kuipasha: Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, vumbi na salfa vilikinga jua na joto la dunia likashuka kwa karibu nusu nyuzi kwa mwaka mmoja hivi.

Ushahidi mzito kuliko hesabu ni alama iliyomo ndani ya kaboni yenyewe, na hapa inafaa kwenda polepole, hata kuchora ubaoni. Kaboni ina aina tatu. Ya 12 ndiyo nyingi, ya 13 ni chache na nzito kidogo, na ya 14 ni adimu sana na huoza, nusu yake ikitoweka kila baada ya miaka 5,730. Mimea hupendelea ya 12, kwa hiyo kaboni iliyopitia kwenye mimea ina upungufu wa ya 13. Makaa ya mawe na mafuta ni mabaki ya viumbe wa mamilioni ya miaka iliyopita, hivyo yana upungufu wa ya 13 na hayana kabisa ya 14, kwa kuwa yote imekwisha kuoza. Mfugaji wa Mbarara ataelewa upesi: ng'ombe wa jirani wakiingia katika zizi lako usiku, huhitaji kuwaona wakiingia ili kujua ni wa nani, kwa kuwa wana chapa. Mwaka 1955 mkemia Hans Suess aliiona chapa hiyo katika mbao za miti, akakuta kaboni ya 14 imepunguzwa na hewa iliyotoka kwenye kaboni ya kale. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kaboni ya 13 pia ikipungua angani mwaka hadi mwaka, na oksijeni ikipungua kwa kadiri inayotarajiwa kitu kinapochomwa. Volkano isingeweza kuacha alama zote tatu.

Linabaki jua. Setilaiti zimepima nguvu ya jua tangu 1978. Hupanda na kushuka katika mzunguko wa miaka 11 hivi, lakini katika kipindi chote hicho ambacho joto limepanda, jua halikupanda. Na kuna jaribio zuri zaidi, ninalolipenda kwa sababu lilitabiriwa kabla ya kuonekana. Kama jua ndilo linaloongeza joto, tabaka zote za angahewa zingepata joto, za chini na za juu. Kama ni gesijoto zinazozuia joto lisitoke, tabaka la chini lingepata joto huku la juu, stratosfia, likipoa. Syukuro Manabe na mwenzake walihesabu hivyo mwaka 1967, na Manabe baadaye, mwaka 2021, akapata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia. Vipimo vimeonyesha ndivyo ilivyo: chini joto, juu baridi.

Atakayesema kwamba sehemu 420 katika milioni ni kidogo mno hata kuweza kufanya lolote, mweleze kwamba naitrojeni na oksijeni, zinazojaza karibu hewa yote, hazizuii mnururisho wa joto unaotoka ardhini, kwa hiyo wingi wake hauna uzito katika jambo hili. Kama pasingekuwapo na gesi hizi chache zinazozuia joto, wastani wa dunia ungekuwa nyuzi 18 hivi chini ya sifuri badala ya 15 juu yake, na matoke yasingeota Masaka.

Atakayesema kwamba joto lililopimwa ni la mabati na lami ya miji kama Kampala, mwambie kwamba miji kweli hupata joto zaidi ya vijiji, na kwamba hoja hiyo imekwisha kupimwa na mtu aliyekuwa na shaka kama yake. Richard Muller, mwanafizikia wa Berkeley nchini Marekani, alitilia shaka rekodi za joto, akaanzisha uchunguzi mpya ambao sehemu ya fedha zake ilitoka katika taasisi ya tajiri wa mafuta Charles Koch, akatenga vituo vya mbali na miji na kuvipima peke yake. Matokeo yalikuwa yaleyale, na mwaka 2012 akatangaza kwamba amebadili msimamo wake na kwamba chanzo ni karibu binadamu peke yake. Zaidi ya hayo, zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada limeingia baharini, ambako hakuna mabati.

Mpe mwenye shaka kazi ya kupima

Maneno yakizidi, kipimo husaidia. Kikundi chochote kinaweza kuwa na kipimamvua kwa gharama ya chupa moja ya plastiki yenye kuta zilizonyooka. Kata sehemu ya juu yenye shingo, igeuze na kuitumbukiza ndani ya sehemu ya chini iwe kama faneli ya kukusanyia, weka mawe madogo chini ili upepo usiiangushe, mimina maji mpaka yafunike mawe na mahali chupa inapoanza kunyooka, na hapo uchore mstari wa sifuri. Bandika rula. Iweke mahali peupe, mbali na paa na migomba, kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu kilicho karibu. Soma kila siku saa tatu asubuhi, andika, kisha mwaga mpaka kwenye sifuri. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri wala isiachwe wazi; daftari lenye mapengo ndilo linalozaa ubishi baadaye.

Daftari hilo halitathibitisha wala kukanusha kwamba binadamu anabadilisha tabianchi, na ni lazima useme hivyo tangu mwanzo, kwa kuwa tabianchi huhesabiwa kwa wastani wa miaka 30. Faida yake ni nyingine. Mtu aliyesoma kopo kwa misimu miwili huacha kusema "zamani mvua ilianza tarehe moja kila mwaka" na huacha pia kusema "mambo ni yaleyale tu", kwa sababu ameona kwa macho yake jinsi msimu mmoja unavyotofautiana na mwingine bila sababu kubwa. Mkabidhi kazi hiyo yule anayebisha zaidi. Baada ya muda linganisheni daftari lenu na utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Taifa ya Hali ya Hewa, na pale utabiri ulipokosea, semeni.

Fedha, wazungu na bomba la mafuta

Sehemu hii ndiyo ngumu. Mafuta yaligunduliwa katika bonde la Albertine mwaka 2006. Februari 2022 uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukafanyika, pamoja na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani karibu na Tanga. Septemba mwaka huohuo Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kulipinga, na wabunge wetu wakakasirika. Mwendesha boda boda wa Hoima haoni hapo habari za kaboni ya 13. Anaona watu waliotajirika kwa makaa ya mawe na petroli wakimwambia asiguse ya kwake, wakati Afrika yote hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia na umeme wa Uganda hutoka hasa kwenye maporomoko ya Nile. Akiona hivyo anasema "uongo mtupu". Anachokusudia kusema ni "dhuluma".

Usimjibu kwa kutetea wazungu. Mweleze kwamba hasira yake ina msingi na imo hata katika makubaliano ya kimataifa: mwaka 2009 huko Copenhagen nchi tajiri ziliahidi kufikisha dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020 kwa ajili ya nchi zinazoendelea, na hazikufikisha kiasi hicho mpaka 2022. Ipo pia miradi ya kupanda miti kwa ajili ya kuuza hewa ukaa ambayo imeingia katika ugomvi wa ardhi na wanavijiji hapa nchini. Mtu aliyehamishwa shambani ili mti upandwe kwa faida ya kiwanda cha ng'ambo hawezi kulaumiwa kwa kushuku kila anayetamka neno tabianchi.

Baada ya hapo mwonyeshe kwamba dhuluma haigeuzi fizikia. Kwamba hewa ukaa huzuia joto ilionyeshwa na Eunice Foote mwaka 1856 na John Tyndall mwaka 1859, kabla mpelelezi Mwingereza Speke hajaiona Nile ikitoka ziwani Jinja mwaka 1862. Msweden Svante Arrhenius alihesabu namna hewa ukaa ikiongezeka maradufu itakavyopandisha joto la dunia mwaka 1896, mwaka ambao reli ya Uganda ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa Mombasa. Hakuna aliyekuwa anawaza mafuta ya Bunyoro. Na kama kanuni ni kufuata fedha, zifuatwe pande zote: wanasayansi wa kampuni ya mafuta ya Exxon yenyewe walikadiria miaka ya 1970 na 1980, kwa usahihi wa kushangaza, joto ambalo lingekuja, huku kampuni hiyo ikiendelea kwa miaka mingi kueneza shaka hadharani. Shaka nyingi tunazozisikia leo Kampala zimetengenezwa huko, zikasafiri kwa simu, zikafika kwetu zikiwa zimevishwa bendera ya Afrika.

Kuhusu bomba lenyewe, mwongoza mazungumzo asitoe hukumu. Mtu anaweza kukubali sayansi yote iliyotajwa hapa na bado akaona Uganda ina haki ya kuchimba. Mwingine akaikubali na kuona si busara kuwekeza katika bidhaa ambayo wanunuzi wake wanaipunguza. Hao wanabishana kuhusu swali la nne, wakiwa wamekwisha kukubaliana kuhusu la pili, na mkutano ukifika hapo umefika mbali.

Anayesema ni kazi ya Mungu

Wengine watataja ahadi aliyopewa Nuhu kwamba majira ya kupanda na ya kuvuna hayatakoma. Usiingie katika tafsiri kama si kazi yako. Mwachie kiongozi wa dini, na umwalike mapema. Utakuta mara nyingi mashehe na mapadri wana majibu kuliko maafisa, kwa kuwa dini zote mbili zinafundisha kwamba binadamu amepewa dunia kama amana na kwamba matendo ya mikono yake yana malipo. Anayeamini kwamba Mungu huleta mvua bado hulima matuta kuzuia udongo usichukuliwe.

Yale ya kutosema

Usidai kwamba kompyuta za wanasayansi zimetabiri kila kitu cha kwetu. Modeli nyingi zilionyesha kwamba mvua za masika za Afrika Mashariki zingeongezeka; vipimo, kuanzia miaka ya 1980 kwa takriban miongo mitatu, vilionyesha zikipungua, na sababu zake bado zinajadiliwa. Mwenye shaka aliyesoma atakuletea jambo hili. Mjibu kwamba ni kweli, na kwamba linahusu namna joto la dunia linavyogawa mvua katika kanda yetu, wala haliondoi alama ya kaboni wala kupoa kwa stratosfia.

Usiseme "mwaka huu ni joto, mnaona?" kwa sababu mwakani kukiwa na baridi Kabale watakurudishia maneno yako. Usitishe watu kwa miaka ya mwisho wa dunia. Usiahidi fedha za mradi. Usitaje Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021 kana kwamba bunge likipitisha jambo, jambo hilo linakuwa kweli; itaje pale mnapozungumzia wajibu wa wilaya.

Maswali yatakayobaki yaandikwe katika daftari la kikundi, kila moja likiwa chini ya namba ya swali lake kati ya yale manne, pamoja na jina la atakayelipeleka: la vipimo lipelekwe kwa afisa wa hali ya hewa, la miteremko na misitu kwa afisa mazingira wa wilaya, la fedha na bomba kwa mbunge. Wala usifunge mkutano kwa kuwauliza watu wanyooshe mikono kuonyesha nani sasa anaamini. Aliyebadili mawazo huhitaji muda wa kuyabadili bila kutazamwa, na ambaye hajabadili atarudi mkutano ujao ikiwa hakuaibishwa.